Fielder inakwaruza mguu wa mbele kushoto, fundi amesema ni bearingi... nilipe ama nisubiri?

MwalimuWaMamboleo
Wadau salamu. Naishi Mamboleo hapa Kisumu na nafunza huko juu upande wa Chavakali, so kila asubuhi napanda mlima wa Kiboswa na jioni nateremka. Gari ni Toyota Fielder, otomatiki, haijawahi nisumbua mpaka wiki iliyopita. Sasa imeanza kelele huku mbele, naona ni upande wa kushoto, inakwaruza kama mtu anakwangua ukoko wa ugali na kijiko cha chuma, kwaru... kwaru... kwaru, inafuata tairi kabisa, nikienda polepole inakwaruza polepole, nikiongeza na yenyewe inaharakisha, nikifika kama 60 siisikii tena ama ni upepo na redio sijui.

Jana nikapitia kwa fundi mmoja wa barabarani, hata hakuinua gari, alizunguka nayo kama mita hamsini akarudi akasema madam hii ni bearingi, ile ya gololi tairi linazungukia, imeenda, leta elfu sita mia tano na kazi iko ndani. Mimi sina elfu sita ya kubahatisha na mwezi uko katikati. Pedi za mbele zilibadilishwa wiki tatu zilizopita mahali pengine so sidhani ni hizo. Kuna mtu amepitia hii?

muuza_spea
Bearingi hiyo. Niko nayo ya eksi-Japani, njoo inbox.

Rift_Kimya
@muuza_spea wewe hata mtu akikohoa utamuuzia bearingi 😂😂

SpanaKumiNaNne
Madam pole. Mimi ni fundi, niko Nakuru, siwezi kuguza hilo gari nikiwa huku lakini ngoja nikuulize maswali kwanza kabla utoe pesa, juu bearingi haianzi hivyo. Bearingi ikianza kufa inavuma. Inavuma kama kisiagi kiko ng'ambo ya mto, na spidi ndio inaipatia sauti, ukifika 60, 80 ndio inaanza kukukera kabisa mpaka unapandisha redio. Yako inafanya kinyume, iko kwa spidi ya chini halafu inapotea. Halafu umesema kwaru... kwaru..., kuna nafasi katikati. Hiyo ni kitu inagusa mahali pamoja kila tairi likizunguka.

Sasa kesho ukienda kazini nisaidie hivi. Tafuta mahali pasipo na magari, zima redio, shusha kioo cha kushoto, pita karibu na ukuta ama ukingo ndio sauti ikurudie. Ukiwa 20 hivi guza breki kidogo tu, ile ya kuwasha taa za nyuma, usisimame, uniambie kelele imebadilika, imeisha ama imebaki vile ilikuwa. Halafu kata kona ya kulia, alafu ya kushoto, ni gani inaongeza. Na pia iko saa zote ama ni asubuhi tu gari likiwa limelala kwa mvua? Juu disiki, ile sahani inayobanwa na pedi ukishika breki, ni chuma cha kawaida, ikinyeshewa usiku inashika kutu nyembamba na asubuhi utasikia inakwangua mita chache za kwanza, ukishika breki mara mbili tatu imeisha. Hiyo si ugonjwa.

DemioYaKakamega
Nafuatilia. Yangu pia iko na kelele lakini hii ya kuvuma, nitauliza mwenzangu akimaliza.

kijana_wa_karwash
Madam weka oili kidogo hapo kwa disiki kelele itaisha, nimeona watu wakifanya

SpanaKumiNaNne
@kijana_wa_karwash toa hiyo maneno hapa tafadhali, mtu atasoma akubali. Oili kwa disiki ni kusema huna breki. Na pedi ikishanyonya oili hakuna kuosha, unatupa. Huyu dada anateremka Kiboswa kila jioni.

mzee_wa_lori
Mwalimu, mimi nimeendesha lori miaka mingi, Mombasa hadi Malaba, mteremko wa Salgaa nimeupita usiku na mchana, kwa hivyo mambo ya breki na mteremko nayajua kwa mwili wangu. Nyongeza yangu ni moja. Usisikize tu, pima moto. Kuna mguu unaweza kuwa unashika breki hata kama hujakanyaga, na huo utawaka kuliko wenzake. Lakini usipime ukitoka tu mteremkoni maana hapo yote iko moto, utajidanganya. Siku ya Jumamosi endesha barabara tambarare, ile ya kwenda Ahero, dakika kumi na tano bila kushika breki sana, simama pole pole kando, halafu peleka mgongo wa mkono KARIBU na rimu, usiguse. Kushoto halafu kulia. Ama utie matone ya maji kwa rimu uone ni wapi inakauka haraka. Matone. Usimwage maji kwa disiki ikiwa moto, itajipinda.

Na ukiteremka hapo Kiboswa weka gia ndogo, otomatiki pia iko na gia ndogo, watu wanasahau.

MwalimuWaMamboleo
Asanteni sana, kumbe kuna watu. Majibu ya leo: nikiguza breki kidogo kelele haiishi, inabadilika kidogo tu, inakuwa kama nyembamba. Kona ya kulia inaongeza, kona ya kushoto inapungua karibu kuisha. Iko saa zote, asubuhi na jioni, mvua ama jua. Harufu sijasikia. Shule yetu iko ndani kutoka lami, kuna murram kama kilomita nne na siku hizi wameimwagia kokoto mpya.

@mzee_wa_lori nimekuskia mzee wangu, gia ndogo nilikuwa nafikiria ni ya kupanda tu.

Rift_Kimya
Kona ya kulia uzito unaenda kushoto. Kwa hivyo ni mguu wa kushoto kweli. Na hapo ndio fundi wako alishikia akasema bearingi, juu bearingi ndio inajulikana kubadilika ukikata kona.

SpanaKumiNaNne
Ni kweli @Rift_Kimya hiyo dalili ni ya bearingi pia ndio maana siwezi laumu jamaa sana, kosa lake ni kutoinua gari. Lakini ukikata kona kila kitu hapo kinasukumwa kidogo, habu, disiki, yote, hata kama ni kiasi cha karatasi. Kama kuna kitu kiko karibu na disiki kitaguswa. Na umetaja kokoto. Nyuma ya disiki kuna lile bati jembamba, sisi twaliita dasti kava, kazi yake ni kukinga matope na mawe. Jiwe dogo likiingia katikati ya hilo bati na disiki linakaa hapo linakwangua kama shetani. Nimetoa mawe ya aina hiyo mpaka nimezoea, hasa gari za kutoka Mau Summit na Njoro ndani ndani. Wakati mwingine ukirudi rivasi mita ishirini na ukate usukani huku na huku linaanguka lenyewe, bure. Jaribu hiyo kwanza.

Isipoanguka, Jumamosi inua gari. Uko na mtu wa kukusaidia?

MwalimuWaMamboleo
Niko na mtoto wa jirani anasoma poli, anajifanya anajua magari. Rivasi nimefanya leo kwa kiwanja cha shule, wanafunzi wamecheka sana, jiwe halijaanguka.

SpanaKumiNaNne
Sawa. Mwambie huyo kijana hivi, na wewe usimame hapo umsimamie. Gari kwa sakafu ngumu iliyo sawa, si kwa nyasi. Hendbreki juu, jiwe nyuma ya tairi la nyuma. Nati zilegezwe KABLA ya kuinua, tairi likiwa bado chini. Inueni kwa jeki, halafu chini ya chasisi muweke stendi, kama hakuna stendi asiingize mwili chini hata kidogo, jeki ya kubeba kwa buti si ya kuaminiwa na maisha. Gia iwe nyutro.

Kabla ya kutoa tairi azungushe kwa mkono na asikize. Halafu ashike tairi juu na chini, saa sita na saa kumi na mbili kama uso wa saa ya ukutani, asukume huku avute huku. Ikicheza tok tok hapo ndio tutaongea bearingi ama boli jointi, kile kiungo cha chini cha mguu. Akishika kushoto na kulia ikicheza hiyo ni tairodi, ile fimbo ya usukani. Na kuna kitu kimoja mafundi wachache wanafanya, mwambie aweke vidole kwa springi ya shoki wakati wewe unazungusha tairi. Bearingi mbovu utaiskia hapo kwa vidole, springi inatetemeka kama simu iko vaibreti. Bearingi nzuri springi inanyamaza. Hiyo haina gharama na haidanganyi.

muuza_spea
Fundi unaniharibia biashara

DemioYaKakamega
Fundi samahani mwenye uzi bado hajaenda Jumamosi naomba dakika mbili. Yangu inavuma kuanzia 70, nikikata kona haibadiliki yoyote. Nilibadilisha bearingi moja nyuma, bado. Nikabadilisha ya pili, bado. Nimechoka.

SpanaKumiNaNne
Bearingi mbili na hakuna mtu amepitisha mkono kwa tairi? Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi kwenda mbele halafu rudisha nyuma. Kama upande mmoja ni laini na mwingine unakwaruza kiganja kama msumeno, hizo ni tairi zimeliwa vibaya, zinavuma vile vile kama bearingi. Zungusha za nyuma zije mbele. Kelele ikihama ni tairi. Halafu alainimenti, kunyoosha tairi.

DemioYaKakamega
Nimepitisha mkono sasa hivi na tochi ya simu. Ni msumeno. Nkt. Bearingi mbili bana.

Rift_Kimya
Pole omwami 😂

MwalimuWaMamboleo
Jumamosi imefika na nimerudi, ni ndefu mnivumilie.

Kwanza nilifanya ya mzee. Nikaenda mpaka karibu Ahero, barabara tupu, nikasimama. Rimu ya kulia iko vuguvugu tu kama kikombe cha chai kilichosahaulika. Ya kushoto mkono haujakaribia nikaskia joto, nikatia matone ya maji yakafanya chwaa yakaisha. Nikaogopa, nikarudi nyumbani 40.

Tukangoja ipoe. Kijana akainua. Akishika juu na chini haichezi hata kidogo, kushoto kulia haichezi. Springi nimeishika mimi mwenyewe, imenyamaza. So bearingi nimewaachia wenyewe. Lakini tairi ni nzito kuzungusha, ya kulia tulijaribu baadaye ilienda vizuri kidogo kuliko hii, na hii kila mzunguko inasema khwaa mahali pamoja.

Tukatoa tairi. Jiwe hakuna. Lakini lile bati la nyuma, dasti kava, chini kwa ukingo limepinda kuja ndani, na hapo lilipopinda kuna mstari unang'aa kama kisu kimetoka kunolewa, upana wa kama kucha, kila mahali pengine ni kutu na vumbi nyekundu. Kijana akalisukuma nje na bisibisi kubwa, nikazungusha, khwaa imeisha. Nimepiga vigelegele mpaka jirani akatoka.

Shida ni tairi bado ni nzito. Kelele imeisha lakini kuna kitu bado kinashika.

mzee_wa_lori
Moto haukuletwa na bati, mwalimu. Bati linapiga kelele tu. Msifunge bado.

SpanaKumiNaNne
Mzee amesema. Hilo bati lilipindwa na yule aliyebadilisha pedi wiki tatu zilizopita, nina uhakika kama asilimia tisini, watu wanaegemeza bisibisi hapo wakisukuma pistoni. Sasa angalieni pedi. Kalipa, ile koleo inayobana pedi kwa disiki, kwa hiyo gari inateleza kwa pini mbili. Pistoni iko upande wa ndani, inasukuma pedi ya ndani kwanza, halafu kalipa nzima inateleza kwa hizo pini inavuta pedi ya nje. Pini zikikauka kalipa haitelezi, pedi ya ndani ndio inafanya kazi yote na haiachilii vizuri. Pimeni unene wa pedi ya ndani na ya nje, ile nyama tu bila bati la pedi yenyewe. Ukiangalia kutoka nje utaona ya nje peke yake na utadanganywa.

MwalimuWaMamboleo
Nimepima na rula ya shule. Ya nje ni milimita 10. Ya ndani haifiki 4. Wiki tatu!!

Kijana amejaribu kusukuma kalipa na mkono huku na huku, pini ya juu inateleza, ya chini haitoki kabisa, akapiga kidogo na mpini wa nyundo ndio ikatoka. Imekauka, iko na kutu ya rangi ya kahawa, mpira wake umepasuka kama soksi ya mtoto. Na klipi ndogo za kushikilia pedi, juu iko, chini hakuna. Fundi wa pedi sijui alienda nazo nyumbani kufanya nini.

Rift_Kimya
Badilisha tu ya ndani iende nje na ya nje iende ndani uendelee mpaka mwisho wa mwezi

SpanaKumiNaNne
Hapana @Rift_Kimya. Pedi mara nyingi hazifanani ndani na nje, na hata zikifanana zimeshajichonga kwa upande wao wa disiki. Pedi mpya inakuja na kama 10 mpaka 12, mimi ikifika 3 natoa bila mjadala, na yake kwa ile kasi inakula itafika 3 wiki ijayo akiwa katikati ya mteremko. Na hiyo pedi ya bei rahisi nadhani haina hata kile kichuma kidogo cha kupiga filimbi, kile kinaguza disiki pedi ikikaribia kuisha. Iangalie.

MwalimuWaMamboleo
Haina. Ni bati tupu.

SpanaKumiNaNne
Nilijua. Sasa nunua pedi seti ya mbele yote, kushoto na kulia pamoja, usiweke mpya mguu mmoja, gari litavuta upande. Pini ya chini na mpira wake, klipi nne. Grisi ya pini iwe ile ya silikoni ya breki, kipakiti kidogo, SI grisi ya kawaida ya mkebe, ile inafurisha mpira halafu mtarudi hapa kunilaumu. Pini isuguliwe na msasa mwembamba mpaka ing'ae, matundu yake kwa breketi, kile chuma kinachobeba kalipa, yasafishwe. Pistoni isukumwe pole pole na mfuniko wa mafuta ya breki ukiwa wazi mtu akiangalia yasimwagike, yakiguza rangi ya gari yanaitoa. Kama pistoni pia ni ngumu kurudi hapo muache, hiyo ni kazi ya gereji. Disiki mpapase na kidole, kama iko na mfereji mkubwa itaenda lethi, mashine ya kuchonga chuma, kusawazishwa, na kuna unene wa mwisho umeandikwa kwa disiki yenyewe, isipungue hapo.

Na kitu cha mwisho ambacho watu wanasahau na kinaua: mkimaliza, kabla gari liende hata mita moja, kanyaga breki mara nyingi mpaka pedali iwe ngumu. Mara ya kwanza itaenda mpaka chini, hiyo ni kawaida, pistoni inatafuta pedi. Nati zifungwe moja halafu inayoitazama, si kwa kuzunguka. Toyota ndogo nyingi ni kama 103 Nm, mwenye hana kipimo akaze kwa wili spana ya kawaida na mkono, asisimame juu yake. Kesho yake zikaguliwe tena.

kijana_wa_karwash
na mimi leo nimejifunza, samahani kwa ile ya oili

mzee_wa_lori
Hakuna neno kijana wangu. Sisi tulianza tukiamini mabaya zaidi.

MwalimuWaMamboleo
Jumapili jioni. Pini imeteleza kama imepakwa siagi. Pistoni ilirudi bila shida. Pedi, pini, klipi na grisi zote zimekuja elfu tatu mia nne, kijana nimempa mia tano na chapati. Nilikanyaga breki nikiwa nimesimama, ya kwanza ikaenda chini kabisa na moyo wangu pia, ya tano ikakaa. Halafu nikafanya zile za kusimama simama pole pole kutoka 50 kama mara kumi hapa kwa barabara ya Kibos ndio pedi zizoee disiki. Rimu zote mbili sasa ni chai ya jana.

MwalimuWaMamboleo
Wiki mbili baadaye, narudi juu mimi huchukia nyuzi ambazo mtu anapotea bila kusema iliishaje. Kelele hakuna. Nimefungua tairi tena Jumamosi kupima, ndani 11 nje 11, siwezi eleza furaha niliyo nayo na rula.

Halafu jana nikapita kwa yule fundi wa kwanza, wa elfu sita mia tano, nikamwambia haikuwa bearingi, ilikuwa bati na pini ya kalipa. Akaangalia gari, akaniangalia, akasema, "Lakini si nilikuambia ni hapo hapo mguu wa kushoto?"

SpanaKumiNaNne
😂😂😂 mpe heshima yake, mguu alipata.

muuza_spea
Madam na waipa ziko sawa? Mvua inakuja.